Nilimpigia Maiti Vigelegele

Siku alipokufa yule mwenye maduara, aliyeanza kupiga vigelegele ni mimi. Simsingizii mtu. Nilikuwa nimesimama kwenye genge nachagua nyanya, akapita kijana wa bodaboda anapiga honi mfululizo, anapaza sauti, "Amekata moto! Mzee amekata moto!" Kabla hata sijaweka chini nyanya nilizoshika, kigelegele kikanitoka. Wanawake wakaitikia. Mwanamume mmoja akasema, "Za mwizi arobaini," mwingine akamjibu, "Huyu zake zilichelewa, tumehesabu mpaka tumechoka." Nilicheka hadi machozi yakanitoka.

Maduara ni yale mashimo ya dhahabu yanayochimbwa kwa mkono. Yeye alikuwa nayo mengi kuzunguka kijiji chetu, na kupitia hayo akakimiliki kijiji chenyewe. Vijana wake walitembea na fimbo. Akilitaka shamba lako, mahindi yanang'olewa yakiwa mabichi. Akikifunga kisima, kimefungwa. Lakini kilichowauma wazee kuliko fimbo ni shikamoo. Kwetu Wakurya rika ni rika, mtu wa rika la baba yako humzoei ovyo. Yeye aliwadai shikamoo watu wa rika la baba yake. Mzee mzima na mvi zake anavua kofia, "Shikamoo," naye anaitikia marahaba bila hata kugeuza shingo. Khaa! Hata leo nikikumbuka damu inanichemka.

Kaka yangu aliingia kwenye duara lake asubuhi moja, hakutoka. Lilikuwa duara la siri, limechimbwa katikati ya shamba la mtu, halina matimba ya kutosha, yale magogo ya kuzuia udongo. Likaporomoka. Badala ya kufukua, mwenye maduara akaamuru lifukiwe, na mengine ya jirani yafukiwe siku hiyo hiyo, ili isijulikane nani kafia wapi. Wenzake kaka walikuwa wageni, vijana wa Singida, wa Shinyanga, na wapi sijui. Kulipokucha walishatawanyika, hukumwona hata mmoja wa kumuuliza. Mama akaenda kuuliza, na yule mtu akamjibu kwa kinywa chake mwenyewe: "Mwanao najua aliko. Ukinyamaza, ipo siku nitakuonyesha. Ukipiga kelele, humwoni tena."

Mama akanyamaza. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, na mama hakutaka kitu kingine chochote duniani ila kumleta mwanae nyumbani. Kila baada ya mavuno alikwenda kwa yule mtu, akainama, akamwamkia shikamoo mtu ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, akauliza. Alijibiwa neno moja tu, "Bado." Miaka ikapita hivyo.

Halafu kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukafa, ulimi ukafa. Wale vijana wa fimbo wakatawanyika mmoja mmoja, akabaki na mke wake tu. Mimi wakati huo nilikuwa mjini Turwa, nashona nguo, na nilipopata habari nilimshukuru Mungu. Mara nikasikia kwamba mama yangu anampelekea uji kila asubuhi. Nilipanda bodaboda siku hiyo hiyo, nikafika nyumbani sijaondoa hata vumbi usoni.

"Mama, unampikia uji mtu aliyemmeza mwanao?"

Alikuwa anakoroga. Hakuniangalia. "Nampikia. Kwa sababu bado hajamtema."

Nilipiga kelele pale jikoni nikasema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nikamwambia kijiji kizima kinamcheka. Nikamwambia hana haya. Aliendelea kukoroga uji wake wa wimbi, akaumimina kwenye chupa ya chai, akajitanda kanga, akaondoka. Nikamfuata nione huo wendawazimu kwa macho yangu. Alimkuta yule mtu amelazwa kwenye mkeka barazani, mate yanamtiririka. Akamwamkia shikamoo kama zamani. Akamnywesha kwa kijiko, huku akimtajia shamba moja baada ya jingine, akimwomba afumbe macho likitajwa lile alimofukiwa kaka. Alifumba macho kwa yote. Mama akasema kesho ataanza upya, kuanzia upande wa mto.

Nilibaki nyumbani, maana mama alikuwa amekonda na sikutaka kumwacha peke yake. Haikupita muda malaria ikamwangusha. Kutoka kitandani akaniambia, "Mwanangu, mpelekee wewe. Siku tatu tu, nitakuwa nimeamka. Umsikilize vizuri, akitoa hata sauti uje uniambie."

Nikasema sawa mama. Nikapika uji, nikaumimina kwenye chupa, nikatoka. Nilipofika kwenye kichaka cha pale njia panda miguu ilikataa. Nikafungua chupa, nikaumwaga wote chini. Nikakaa hapo kitambo cha kutosha mtu kunywa, nikarudi. Mama akauliza, "Je?" Nikasema, "Amekunywa. Kimya vilevile." Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilikuwa nimeshazoea, sikukaa hata pale kichakani, nilimwaga huku natembea. Na nitasema ukweli: nilijisikia vizuri. Nilijiona ndiye mtu pekee wa nyumba ile mwenye heshima.

Siku ya nne ndiyo ile ya genge. Nilikimbia nyumbani na vigelegele vyangu, nikamkuta mama ameketi nje anaota jua, ana nafuu. "Mama, amekufa! Amekufa yule mbwa!" Nilikuwa nimenyoosha mikono nimkumbatie. Mama aliniangalia kama mtu anayesikia lugha asiyoijua. Kisha akaanguka kifudifudi, akaanza kuchimba ile ardhi ya uani kwa kucha zake, akimwita kaka yangu jina lake, jina la utotoni, lile ambalo hakuna aliyelitamka tangu apotee. Ngoma zilikuwa zimeanza kule gengeni, zinasikika mpaka kwetu. Sijawahi kusikia sauti mbaya kama zile ngoma.

Mazishini alikwenda akishikiliwa, mimi upande mmoja na baba mdogo upande wa pili. Watu hawakujaa. Mchungaji alisema marehemu hasemwi, akaombea haraka haraka. Mama ndiye aliyelia kuliko wote pale, na nikawasikia wanawake wananong'ona nyuma yetu, eti huenda alikuwa na lake na marehemu. Niligeuka nikataka kuwararua. Mama akanibana mkono.

Baada ya udongo, mke wa marehemu akaniita pembeni, nyuma ya zizi. Alikuwa mtu mpole, naye alishapigwa na yule bwana mpaka meno mawili yakatoka. Akaniuliza kwa nini mama yangu aliacha kuja. Nikamwambia malaria. Akatikisa kichwa.

"Ulimi ulimfunguka kidogo," akasema. "Siku tatu zile za mwisho. Asubuhi asubuhi tu, mchana unafunga tena. Alikuwa anasema, mama wa uji aje. Mama wa uji aje, nimwambie."

"Amwambie nini?" Nilisikia sauti yangu inatoka mbali.

"Nilimuuliza. Akakataa. Akasema atamwambia mwenyewe. Nilisubiri nione mama yenu akija, sikumwona, nikasema nitamtuma mtu kesho. Kesho ndiyo akafa." Akaanza kulia. "Nisameheni dada. Nilifikiri mmechoka naye."

Mungu wangu. Yeye ananiomba mimi msamaha!

Watu huko kanisani huwa wanabishana: je, ni halali kufurahia kifo cha dhalimu? Wengine wanasema furaha ya walioonewa ni haki yao, wengine wanasema kisasi ni cha Bwana. Wananigeukia, kwa sababu wanajua mimi ni mtu wa maneno. Alistahili kuchekwa, tena sana, sibadilishi. Lakini alikuwa amebeba kitu chetu kinywani, na mimi nilishangilia kinywa kufungwa.

Siku chache baadaye wazee wa ukoo wakaja na baba mdogo. Walisema sasa hakuna tena kinywa cha kuulizwa, basi tufanye kama wanavyofanya watu waliokosa mwili: ukatwe mgomba wa urefu wa mtu, ufungwe sanda, uzikwe nyumbani, aliliwe, mambo yaishe. Mama akasema, "Mimi sikuzaa mgomba." Baba mdogo akamwambia, "Shemeji, maji yakimwagika hayazoleki." Nilijibana mdomo kwa kiganja nisipige yowe.

Mama akanigeukia mbele ya wote.

"Wewe ndiye uliyekaa naye mwisho. Nikizika mgomba, nimemwacha mwanangu. Nataka kusikia kutoka kwako. Zile siku tatu ulipompelekea uji, hakusema kitu? Hata nusu ya neno? Kama alisema, mimi nitaendelea kutafuta mpaka nife. Kama hakusema, nitapumzika."

Nilimtazama. Mikono yake ilikuwa bado na vidonda vya kucha zilizovunjika. Ningemwambia nini? Kwamba lilikuwepo neno, na nilikuwa njiani nalimwaga?

"Hakusema, mama," nikasema. "Kimya vilevile."

Akashusha pumzi. "Basi kateni," akamwambia baba mdogo.

Tulizika kesho yake. Shangazi alivuka kutoka ng'ambo, upande wa Kenya, akaja kwa kupitia Sirari akiwa na mabinti zake. Mama hakulia. Alishika ile sanda kidogo, akaiachia, akaenda kukaa kwenye kiti alichowekewa, ametulia kabisa. Mimi ndiye niliyelia. Nilijitupa kwenye udongo wakanivuta, nikajitupa tena, sauti ikanikauka. Na shangazi, akinifuta uso kwa kanga yake, akawaambia watu waliotuzunguka, "Muacheni alie. Huyu alimpenda ndugu yake, si mchezo."