Kodi ya C imenitoa jasho mazoezini

Jamani, jioni hii kuna dansi la kijiji chetu cha ujamaa, nami ni mpiga gitaa wa bendi.

Leo mazoezini, kila nikishika kodi ya C kwenye gitaa, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, uzi mwembamba wa chini haulii.

Nikakandamiza mpaka vidole vikawaka.

Wapi!

Kaka Hamisi, kiongozi wa bendi yetu, akawanyamazisha wenzangu. Wote wakanigeukia.

"Dada, kidole cha shahada kinaugusa huo uzi. Shusha gumba nyuma ya shingo ya gitaa, kidole kisimame."

Nikashusha. Ukalia vizuri kabisa.

"Basi wimbo wa kwanza utauanza wewe, peke yako."

Nami nilikuwa nikiomba aniweke nyuma ya ngoma.

Mtakaokuja, tafadhali msikae mbele. Au mkae? Niambieni.