Breki za Maji ya Sabuni

Gari lilikuja kwetu Igogo likivutwa kwa kamba, na mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nilisimama mlangoni nikalitazama likipandishwa kwenye mawe kama ng'ombe aliyegoma kwenda mnadani. Milango miwili, rangi ya chungwa iliyochujuka, viti vya nyuma hakuna, ndani mavi ya kuku. Mume wangu alitabasamu kama mtu aliyepata mtoto. Mtoto mwenyewe nilikuwa nimembeba mimi.

Kiwanda cha nguo alikokuwa anakereza vyuma kilikuwa kimepunguza watu. Wenzake, kwa kiinua mgongo chao, mmoja alifungua genge, mwingine akanunua cherehani, mwingine mashine ya kusaga. Wangu alinunua gari la mbio. Lilikuwa limeshindana miaka ya sabini, likiwa la mfanyabiashara mmoja aliyekuja kuhama nchi, na tangu hapo lilikaa nyuma ya ghala la pamba kuku wakitagia ndani.

"Hili halina mwenzake kanda ya ziwa yote," aliniambia.

"Na lisimpate," nikamjibu.

Alilifufua kwa mwaka mzima, yeye na fundi mmoja mzee wa Nyakato. Mzee huyo ndiye aliyeweka malori barabarani miaka ya dhiki, wakati hata mpira wa breki ulikuwa unatafutwa hadi Nairobi. Sasa ilikuwa enzi ya ruksa, spea zinaning'inia madukani kama ndizi. Walichonga silinda, wakafunga kabureta mbili, wakakata springi gari likalala chini, wakaweka ekzosi pana. Siku injini ilipowaka mara ya kwanza hapo nje, mwanangu alirusha mikono yote miwili juu kama anayeanguka. Alikuwa na miezi tisa. Siku hiyo nililichukia rasmi.

Lakini chuki ni kitu chepesi. Kizito ni hofu. Akitoka kwenda kulijaribu, nilikuwa namsikia tangu nyumbani, nikajua sasa ameingiza gia ya tatu, sasa yuko kwenye kona. Mlio ukikatika ghafla nilikuwa nasimama na mwiko mkononi, sikorogi, sipumui, mpaka nimsikie tena.

Halafu akasema Jumapili tunampeleka mtoto kwa bibi yake, mbele ya Usagara. Mama mkwe alikuwa hajamwona mjukuu, na maneno yalikuwa yameanza. Kwa hiyo nilipanda. Nilipanda nikijua kabisa kwamba sitaki, na hilo sijajisamehe. Nilimfunga mtoto kifuani kwa kanga, nikakaa kiti cha mbele, magoti karibu na kidevu.

Usagara tulisimama kununua soda. Watu wakajaa pale njia panda.

"Shemeji, hili ni gari au ni jeneza la kisasa?" mmoja akaniuliza kupitia dirishani.

"Muulize aliyelinunua."

"Mzee baba, liachie kidogo tuone!"

Basi akaliachia. Alikwenda mbio, akafunga breki, akageuza, akarudi mbio, akafunga breki. Mara nne, mimi na mtoto tukiwa humo humo ndani, watu wanapiga miluzi. Nilimwambia, "Inatosha." Akacheka. Nilisikia harufu ya chuma kilichoungua ikipanda miguuni, na bado akakanyaga mafuta tukaondoka.

Mbele kidogo barabara inashuka. Chini kabisa ng'ombe walikuwa wanavuka, wengi, mchungaji nyuma yao hana haraka. Nilimwona mume wangu anakanyaga. Akakanyaga tena. Goti lake likawa linapanda na kushuka kama mtu anayeendesha baiskeli.

"Breki hakuna," akasema, taratibu kabisa, kama anaomba chumvi.

"Ya mkono!"

"Bado hatujaifunga."

Sikupiga kelele. Nilimkunja mtoto, nikaweka mgongo wangu upande wa kioo. Nilisikia gia inalazimishwa kurudi chini, injini ikapiga ukelele, halafu tukatoka barabarani tukaingia shambani. Matuta ya viazi. Tuta la kwanza, la pili, kichwa changu kikagonga paa, la tatu, la nne, gari likazama tumbo kwenye udongo likazimika.

Mtoto hakulia.

Nilimfungua kanga. Macho yake yalikuwa wazi, mdomo wazi, hakuna sauti. Nilimpuliza usoni. Nikamtikisa. Sijui ni muda gani, mtu atasema ni kufumba na kufumbua, mimi nasema ni mwaka. Halafu akavuta pumzi akalia, na mimi nikatapika mlangoni.

Mwenye shamba alikuja, mama mtu mzima, jembe begani.

"Shikamoo, mama," mume wangu akasema.

"Marahaba. Mmekuja kunisaidia kuvuna?"

Mume wangu alikuwa ameshafungua boneti. Nilikwenda nikasimama pembeni yake. Kwenye kikopo cha mafuta ya breki palikuwa na povu jeupe. Nikachovya kidole, nikanusa. Baba yangu aliendesha lori la pamba miaka ya dhiki. Harufu hiyo naijua: sabuni ya mche iliyoyeyushwa kwenye maji. Mafuta yalipokosekana nchi nzima, madereva walijaza hiyo.

"Ulijua?"

"Fundi alisema mafuta ya dukani siku hizi ni bandia, yatakula mipira. Akasema hii anaijua."

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

Nilifika kwa mama mkwe kwa miguu, mtoto mgongoni.

Jumanne nilikwenda Nyakato. Nilimkuta mzee kwenye kigoda. Nikampa shikamoo yake kwanza, kwa sababu nimefundwa, ndipo nikamwaga yote.

"Mwanangu," akasema, "sabuni imenibeba miaka kumi. Sijaua mtu."

"Malori yako yalikuwa yanakwenda mwendo wa ng'ombe mjamzito! Hili linakimbia. Breki zikichemka, na maji yanachemka, yanakuwa mvuke, mguu unakanyaga hewa. Ulifikiri yatapika ugali?"

Halafu akauliza, "Mtoto alilia sana?"

"Hakulia. Ndiyo maana umeniona hapa."

Walivuta gari kutoka shambani, wakabadilisha mipira yote, wakafunga na breki ya mkono, wakanunua mafuta ya breki, makopo mapya yenye lakiri. Mume wangu akaja ananiambia gari limepona. Nikamwambia mtoto hapandi mpaka fundi wake akae kiti kile nilichokaa mimi, washuke mteremko ule ule, baada ya kufunga breki mara nne kama siku ile.

Nilidhani mzee atakataa. Alikubali, na hapo ndipo hofu ilinirudia. Nilisimama pembeni ya barabara karibu na matuta yaliyovunjika, mtoto mgongoni, nikawaza: nimemtuma mzee wa watu akafe kwa sababu ya mdomo wangu. Niliusikia mlio juu, gia ya nne. Nilitaka kukimbilia katikati ya barabara niwazuie.

Gari likatokea, likashuka, pua ikainama, likasimama hatua chache kutoka nilipokuwa.

Mzee alitoka polepole, ameshikilia mlango. Shati lilikuwa limeganda mgongoni. Hakuniangalia. Alizunguka akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele, akaweka kiganja karibu na chuma cha moto.

"Linavuta kushoto," akasema.

"Si limesimama?" mume wangu akamwambia.

"Limesimama. Linavuta kushoto." Akanyoosha mkono. "Nipe spana."

Nilishusha pumzi, nikamkaza mtoto mgongoni, nikashika njia ya kituo cha basi.