Binti wa mwenyekiti wa zamani aandika historia ya chama bila kumficha baba

Saa nane mchana, ndani ya ghala la vyakula nje kidogo ya Liverpool, kusini-magharibi mwa Sydney, Chibalonza anaendesha toroli la umeme kati ya rafu ndefu. Visikizi viko masikioni. Sauti ya mashine inamtajia rafu, naye anarudia namba, anapakia katoni za maziwa na kusonga mbele. Jaketi la baridi amelifunga hadi kidevuni.

"Profesa, leo mfalme gani amepinduliwa?" anapaza sauti Apondi, Mkenya anayefanya naye kazi.

"Leo hakuna. Leo wametoboana macho tu."

Wote wawili wanacheka.

Utani huo una chanzo. Chibalonza, mzaliwa wa Bukavu mwenye umri wa miaka 41, hufanya kazi hapa siku nne kwa wiki. Siku ya tano ameiacha, pamoja na mshahara wake, ili asome historia chuo kikuu. Kinachomvutia ni wanazuoni wa Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki iliyotawala kutoka Konstantinopoli, mji ambao leo ni Istanbul, na ambako waliopinduliwa mara nyingi walitobolewa macho.

"Walikuwa watu wa ikulu," anasema. "Walisoma falsafa, wakawashauri wafalme, wengine wakafukuzwa, kisha wakaandika yaliyotokea. Nikajiuliza: mtu aliyekula meza moja na mfalme, atasemaje ukweli juu yake?"

Mwaka huu swali hilo lilimfuata nyumbani.

Chama cha Wakongo wa Campbelltown, pia mjini Sydney, ambacho kimewapokea wakimbizi wengi kutoka mashariki ya Kongo, kilikuwa kinatimiza miaka ishirini, na kilitaka historia yake isomwe kwenye sherehe. Lakini wanachama wamegawanyika tangu mwenyekiti wa kwanza, Papa Candide ("papa" kwao ni baba), alipoondolewa. Historia mbili zilishaandikwa, kila upande ya kwake. Hakuna iliyosomwa hadi mwisho, kwa sababu mara zote mbili nusu ya ukumbi ilitoka. Safari hii wengi walisema kwamba wakitoka tena, hawatarudi.

Kamati ikampa kazi hiyo Chibalonza, kwa kuwa anasomea historia. Papa Candide ni baba yake mzazi.

"Mimi nilikataa waziwazi," anasema Katembo, mwenyekiti wa sasa. "Nikamwambia, mama, weye utatupikia papa yako na sukari."

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Baba yake, mjane anayeishi naye, alimwuliza wakiwa mezani: "Utanivua nguo mbele ya watu?"

Njia aliipata kwa wanazuoni wake. Mmoja wao, binti wa mfalme, aliandika historia ya utawala wa baba yake. Hakujificha. Alisema mapema kwamba yeye ni mwanawe, na kwamba watu watamshuku. Wengine walimsifu mfalme mmoja kwa ushujaa, kisha wakamlaumu yeye huyohuyo kwa uzembe.

"Nilielewa kwamba sina haja ya kujifanya sina baba," anasema Chibalonza. "Niseme nimekaa wapi, halafu niseme yote."

Jumamosi iliyopita ukumbi wa kanisa ulijaa. Alianza hivi: "Mimi ni mtoto wa Candide. Amenilea, nampenda. Nisikilizeni mkijua hivyo."

Akasoma jinsi baba yake alivyozipokea familia uwanja wa ndege na kuzitafutia nyumba, akilala sakafuni ili wageni wapate kitanda. Upande mmoja ukapiga vigelegele. Kisha, kwa sauti ileile, akasoma kwamba mtu huyohuyo aliahirisha uchaguzi mara tatu, na waliohoji akawaita wasaliti.

Viti kadhaa vikasogea. Papa Candide akasimama kwa fimbo yake, na watu wakadhani anaondoka.

"Ni mara nne," akasema. "Ile ya mwisho hamkuijua. Endelea, mama."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaenea hadi mbele. Chibalonza akasoma mpaka mstari wa mwisho, na hakuna aliyetoka. Katembo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuka ukumbi na kumkumbatia mzee. Wanawake wa pande zote mbili wakapakua fufu, ugali wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, kwenye meza moja, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka mingi.

"Kupakia katoni kwenye baridi ya ghalani ni rahisi kuliko kusoma pale," anasema Chibalonza, akifuta macho huku akicheka.

Sasa anamalizia tasnifu yake, na ana mpango mwingine. Katembo amemwomba aandike pia kipindi chake cha uongozi, kinachoisha mwaka ujao. Chibalonza amekubali kusaidia tu. Mwandishi, anasema, awe mtu wa karibu: Bénie, binti wa Katembo, anayesomea uuguzi.

"Basi nimekwisha!" Katembo alilalamika alipoambiwa.

Bénie huelewa Kiswahili lakini kwa kawaida hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alimgeukia baba yake na kumjibu kwa Kiswahili.

"Bado una mwaka mmoja, papa. Nipe mazuri ya kuandika."