Kifungo cha Redio ya Foni

Juzi intaneti ilikatika nyumbani kwangu Bunia, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, mimi niliyeishia shule ya primaire tu. Binti yangu alikuwa akiandika amri kwenye kompyuta yake ya Linux.

“Papa, modem inajibu. Kule inje ndiyo hakuna jibu.”

Nilikuwa nimechoka. Nilifunga macho, na mchana mmoja wa utotoni ukanirudia.

Mama alinipeleka kwenye nyumba ya redio ya foni, ambako watu walilipa ili kuongea na walio mbali. Palinuka asidi ya betri na jasho la watu wanaongoja. Shimo la dhahabu lilikuwa limeanguka Mongbwalu, na papa alikuwa mchimbaji kule. Sanduku la foni lilivuma kama mvua, nami niliamini kwamba mvua ile inanyesha huko aliko.

“Baba Yosia, uko muzima?” mama aliuliza, akimwita kwa jina langu, kidole kikifinya kifungo cha kusemea. Mvua ya sanduku ilikatika. Akauliza tena, akaanza kulia. Nilifikiri papa ametukasirikia.

“Mama, achilia ile kifungo!” mwenye foni alipiga kelele. “Ukiendelea kuifinya, atajibu namna gani?”

Leo najua mitambo kuliko wengi wenye diplome. Siku ile niliona tu vidole vya mama vikikataa kufunguka, hadi mwenye foni akavifungua kimoja kimoja. Mvua ikarudi, kisha sauti ya papa.

“Niko muzima. Mama Yosia, unalia nini?”

Mama akafinya. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamepotea.

“Unakula?” akauliza, na mara hii kifungo alikiachilia mwenyewe.