Msitu Ambao Haumo Kwenye Ramani

Inanuka ukungu na mafuta ya taa, ramani hii ambayo mjukuu wangu ameikuta ndani ya kabati kuukuu alilonunua Same mjini. Nimeinusa, wenzangu, nikajikuta nimerudi Upare wa kusini, enzi za Mwingereza, mtoto wa kike wa miaka tisa, mjuaji kupita kiasi.

Mpimaji wa Kizungu alikuja na mkalimani kuchora milima yetu. Penye miti ya mbao alitia kijani. Penye mawe ya madini, alama ya nyundo. Wakubwa walijua kinachofuata, maana ng'ambo ya mto misumeno ilishaanza kukereza kutwa. Mimi niliona kijani ni sifa tu, kama alama ya vema daftarini. Aliyemwongoza njia alikuwa baba, mzee wa kanisa ambaye kwetu uongo wa punje ya hindi ulikuwa na fimbo yake.

Siku ya mwisho Mzungu aliikunjua ramani mezani kwetu, akisubiri makande. Nikachungulia. Lo! Mahali pa mpungi wetu, msitu wa miti minene ya mikulo yalimohifadhiwa mafuvu ya mababu wa ukoo, palikuwa patupu! Baba alikuwa amewazungusha njia ya mbali. Nikaweka kidole: "Bwana, hapa pana msitu mkubwa! Umeusahau!"

Mama akaacha kupakua. Baba akacheka, kicheko nisichokijua.

"Vichaka vya mbuzi hivyo," alimwambia mkalimani. "Mtoto ana homa."

Mkalimani, Mpare mwenzetu, alinitazama kidogo, kisha akatafsiri maneno ya baba peke yake. Mzungu akala, akakunja ramani yake, akaenda zake.

Nilikasirika mno. Homa gani? Siku mbili sikumpa baba shikamoo, na hakunichapa. Jumapili ya Chakula cha Bwana ilipofika, wenzake waliinuka kwenda mezani, yeye akabaki kwenye benchi, kofia mapajani. Mchungaji alimsihi: kama kuna dhambi, atubu, arudi. "Bado, Mchungaji," alijibu, na akajibu hivyo mpaka uzeeni. Nami nilifurahi, nikadhani dhamiri inamsuta!

Mpungi ungalipo. Nilishakuwa mama wa watoto wanne ndipo nilipoelewa. Baba hakujuta hata chembe, na baada ya kumdanganya Mzungu, hakutaka kumdanganya na Mungu.