Breki ya Mama

Mama yangu huvuta breki ya mkono kama anavuta nanga. Hukita mguu mmoja sakafuni, hushika kwa mikono miwili, "Ya Allah!", na gari zima linaguna. Kwao ni kisiwani Chovai, na huko mtoto hufundishwa mapema kwamba chombo hakiachwi bila kufungwa. Hata tukiegesha mahali palipo tambarare kama sinia, lazima avute mpaka mwisho. Kuvuta anaweza. Kuachia ndiko kwenye kazi, kwa sababu breki iliyovutwa namna ile kitufe chake huwa kigumu, na kidole gumba chake cha kulia hakina nguvu tangu mwiba wa taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, ulipomchoma akimsafisha.

Basi hapa Kismayo nikawa mimi ndiye kidole chake. Nisipokuwepo, huteremsha kioo na kumwita yeyote apitaye: "Waryaa, mwanangu, nibonyezee hapa!" Siku moja nilimkuta bwana harusi mzima, kanzu mpya na marashi yake, amejipinda dirishani anambonyezea huku wenzake wakimngoja. Nilicheka mpaka nikakaa mchangani.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Mombasa, hakucheka. Alipiga simu kusema anakuja kututembelea, na kwamba akimkuta mama hawezi kuondoa gari peke yake, gari litauzwa. Mama ndiye anayewapeleka mashoga zake wote harusini na matangani. Usiku ule hakugusa chakula. Mimi nikikasirika siwezi kukaa kitako, nikatafuta gundi.

Nilianza kwa kubandika kizibo cha soda juu ya kitufe ili kipate upana. Kikamkwaruza. Nikakata kisigino cha kandambili, nikabandika. Kilikuwa laini, kizuri, mama akanisifu, kisha kikabanduka kikapotelea chini ya kiti. "Breki yangu imevua kiatu," akasema, tukacheka wote wawili ingawa mambo yalikuwa mabaya.

Ndipo akaitwa mjomba, kaka yake mama, fundi wa mashua anayekaa kisiwa cha Chula. Mjomba hajawahi kuendesha hata baiskeli. Aliitazama breki kitambo, akachonga kipande cha mkoko kilichopinda, akakifunga kwenye mpini kwa mshipi wa kuvulia. Kichwa cha kipande kiligusa kitufe, mkia ukashuka chini ya mpini. Ukiukumbatia mkia kwa vidole vyote vinne, kichwa kinasukuma kitufe, na kidole gumba kinakaa kustarehe. Nilitaka kumbusu mzee wa watu.

Lakini fundi wa mashua hamalizi kazi bila kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa. Kabla sijamzuia alikwishasindilia pamba iliyolowa sifa kuzunguka kitufe chote. Sifa, yale mafuta ya papa! Nikapiga kelele kuuliza kwa nini. "Kichu kiso kalafati huingia mai," akanijibu, kana kwamba tunavuka bahari kwenda kisiwa cha Fuma na gari.

Kesho yake tulikwenda sokoni tukifuatwa na paka wa mtaa mzima. Mama akaegesha, akavuta nanga yake, tukashuka. Pamba ilikuwa imevimba, kitufe kimezama hakirudi, na breki haikushika kitu. Gari likaanza kuteremka taratibu, kwa adabu kabisa, likaenda kuegemea mkokoteni wa maji. Punda akageuza shingo kumtazama anayemsukuma. Mwenye mkokoteni alitutukana kwa Kisomali, kisha akainusa ile harufu, akasahau matusi yaliyobaki akaanza kucheka. Mama alijifunika buibui usoni, mabega yakimtetemeka. Nilidhani analia. Wapi!

Mjomba aling'oa pamba yake kwa manung'uniko, huku akituapia kwamba breki itazama.

Kaka alifika, tukamlisha akashiba, kisha akatoka nje akakunja mikono mbele ya nyumba. Mtaa mzima ulikuwa mlangoni. Aliingia garini akahakikisha breki imevutwa mpaka mwisho, akashuka. Mama akaketi, akasema bismillahi, akakumbatia ule mkia wa mkoko.

Tak! Breki ikashuka.

Mjomba alirusha kofia. Vigelegele vilianzia kwetu vikaenda mpaka msikitini, na vyangu vilikuwa vikubwa kuliko vyote. Gari likaondoka kuelekea pwani, kaka akilikimbilia: "Mama, ngoja, hujatupakia!" Mkono ukatoka dirishani. "Kila mchu na maguu yake!" Kaka alisimama katikati ya vumbi akicheka kama mtoto, na habari ya kuuza gari hatukuisikia tena.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na mngurumo wa injini. Nilikurupuka, nikavaa kiatu kimoja, nikakimbilia mlangoni kwenda kumbonyezea. Alikuwa ameshakata kona.