Ukurasa wa Bega

Aila Rautio hakuwa mtu wa majivuno, ila kiburi kimoja alikuwa nacho: ukurasa wa bega. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali moja ya Thunder Bay. Miaka kumi na miwili nyuma alijiunga na wenzake wa dunia nzima walioandika wiki ya taaluma yao, yaani ensaiklopidia huria ya mtandaoni, kila mmoja akitoa bure anachokijua, mwingine akija kukisahihisha. Ukurasa wa bega la mgonjwa wa kiharusi aliuanzisha yeye. Aliupiga msasa wiki nzima, kahawa ikipoa pembeni, na chini kabisa likakaa jina lake.

Mwaka wa pili mwenzake wa Halifax, Moira, akamwandikia: "Mama, hapo kwenye kapi umepotea. Bega lililopooza halivutwi juu kwa kamba, unaliumiza. Soma tafiti hizi."

Aila alizisoma, masikio yakamwaka kwa haya. Yeye alikuwa ameandika kama alivyofundishwa chuoni: kamba ipite kwenye kapi, kigurudumu kilichofungwa juu ya mlango, mkono mzima uuvute ule mgonjwa, na maumivu kidogo ni ya kawaida. Hapo hapo akaifuta sehemu ile, akaweka onyo, akamshukuru Moira. Akadhani yamekwisha.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, kiharusi kikampata mdogo wake, Veikko, dereva wa malori ya magogo aliyeishi mwendo wa saa tano kaskazini. Aila alikaa naye hospitalini wiki ya kwanza, kisha akarudi kwa wagonjwa wake. Veikko aliporuhusiwa kwenda nyumbani, akakabidhiwa kwa ofisi ya wauguzi wa majumbani ya mji wake. Kila Jumapili Aila alipiga simu.

"Mkono vipi?"

"Unapigishwa kazi, dada. Mama wa ofisini anafuata maandishi, hakosei hata nukta. Wewe tulia."

Akatulia. Theluji ilikuwa nyingi, na aliwaamini wenzake.

Alifika kwao Machi. Alipoingia tu alimkuta Veikko kwenye kiti chini ya mlango wa chumba, kamba mkononi, kapi likilia juu, meno ameyauma, jasho linamtiririka.

"Acha! Acha hiyo kamba! Nani kakuambia ufanye hivi?"

Veikko akacheka kwa upande mmoja wa uso. "Nani tena? Si wewe!"

Mkewe, Darlene, akabandua karatasi kwenye friji, karatasi iliyovishwa plastiki, akampa wifi yake. Aila akasoma maneno yake mwenyewe. Kamba, kapi, maumivu kidogo. Chini, jina lake.

"Hii nilishaifuta," akasema. "Miaka kumi sasa."

"Umeifuta wapi?" Darlene akauliza.

"Mtandaoni."

"Sisi hatuishi mtandaoni, wifi. Tunaishi hapa."

Aila akalipapasa bega. Lilikuwa limetoka mahali pake: kati ya mfupa na mfupa vidole viwili vilizama, na Veikko, mtu aliyewahi kuvunjika mbavu akaendesha lori hadi nyumbani, akapiga ukelele.

"Mbona hukuniambia linauma hivi?"

"Nikuambie nini? Umeandika ni kawaida. Kila nikitaka kuacha najisemea, Aila hawezi kunidanganya."

Asubuhi yake Aila alikwenda kwenye ile ofisi ya wauguzi. Msimamizi alimpokea vizuri, akamvutia kiti.

"Karatasi hii tunaipenda sana," akasema. "Tuliichapa zamani kutoka mtandaoni. Imeandikwa na mtaalamu."

"Mtaalamu huyo ni mimi. Naomba muiondoe leo."

"Aa, kuondoa ni kazi ya kamati. Inakaa Juni."

"Mmeshagawa ngapi?"

"Hizo hatuhesabu, mama."

Daktari alisema maumivu yatapungua, lakini mkono hautainuka kupita kifua tena. Leseni ya lori ikabidi irudishwe serikalini. Darlene akaacha kupokea simu za wifi yake. Aila akawaandikia wahariri wa ile wiki ya mtandaoni akiwaomba walitoe jina lake kwenye toleo la zamani. Wakamjibu kwa upole kwamba historia ya ukurasa haifutwi, ndiyo uaminifu wenyewe. Angekuwa yeye, angejibu hivyo hivyo, na hilo ndilo lililomkereketa zaidi.

Masika yote alizipigia simu ofisi za wauguzi za eneo lile, moja baada ya moja. Wengine walimshukuru. Wengine walimwekea muziki hadi akachoka kusubiri. Watatu walimwambia karatasi hiyo wanayo, tena wanaitegemea.

Jumapili moja Veikko akamkatiza kabla hajamaliza salamu.

"Dada, leo usiniombe radhi. Inanichosha kuliko bega."

"Basi niseme nini?"

"Sijui. Sema mengine."

Aila akauliza habari za ziwa. Wakazungumzia barafu ya ziwani, kwamba mwaka huu imechelewa kuyeyuka. Kisha Veikko akasema chakula kiko mezani, akakata simu.